Waandikeni makocha wa timu za shule na vyuo

Kwa Mhariri,

Shule na vyuo vya Mombasa na Pwani kwa jumla vikiadhimisha miaka yao hutoa kijitabu, na ndani ya kijitabu hakukosi ukurasa wa kandanda. Kombe limeinuliwa juu, wachezaji wamechuchumaa mstari wa mbele, na chini ya picha umeandikwa mwaka ambao mara nyingi ni wa kukisia. Kocha, ikiwa yumo, ni mtu aliyesimama pembeni na filimbi shingoni, hana jina. Ukiuliza timu ilicheza mechi ngapi chini yake, ilishinda ngapi, na yeye alimpokea nani, utatafutiwa wazee wawili wanaokumbuka, na hesabu zao hazitalingana.

Mali bila daftari huisha bila habari. Napendekeza namna ya kulifungua daftari hilo, na mfano nautoa mbali: Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, na ile futiboli yao ya mpira uliochongoka kama yai. Si kwamba mchezo wao unaupita wetu (kwangu mimi una mapumziko mengi mno). Ni kwamba vyuo vya huko vimekwisha kujikwaa kwenye kila kisiki kilicho mbele yetu, na karatasi za kuonyesha walivyojikwaa zipo.

Alabama ilianza kucheza mwaka 1892, na makocha wake wanajulikana mmoja baada ya mwingine. Wallace Wade alishika timu kuanzia 1923 hadi 1930 na kuipa mataji matatu. Timu yake ndiyo iliyokifunga Chuo Kikuu cha Washington 20-19 katika mechi ya mwisho wa msimu iitwayo Rose Bowl, Januari 1, 1926. Alipoondoka kwenda chuo cha Duke alimpendekeza Frank Thomas, aliyekaa tangu 1931 hadi 1946. Thomas mwenyewe aliwahi kuchezea chuo cha Notre Dame chini ya kocha Knute Rockne, yule aliyeshinda mechi 105, akashindwa 12 na kutoka sare 5 kabla ya kufa katika ajali ya ndege huko Kansas, Machi 31, 1931. Miongoni mwa wachezaji wa Thomas alikuwamo Paul Bryant, ambaye alirudi mwaka 1958 kuwa kocha mkuu na kubaki hadi 1982. Gene Stallings, aliyeleta taji la 1992, alikuwa mchezaji wa Bryant chuoni Texas A&M.

Hiyo ni silsila kamili: Rockne, Thomas, Bryant, Stallings. Inafuatika kwa sababu mbele ya jina la kila kocha pameandikwa alicheza wapi na alifunzwa na nani. Safu hizo mbili hazigharimu chochote. Kwetu, kocha wa shule ya Likoni aliyefunzwa na mwalimu fulani wa Tudor, ambaye naye alifunzwa na mchezaji wa klabu ya Feisal iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, anaonekana kama mtu aliyeota uwanjani bila mbegu.

Daftari la Alabama halichagui pia. Kati ya 1955 na 1957 kocha alikuwa J. B. Whitworth. Alishinda mechi 4, akashindwa 24 na kutoka sare 2, na mwaka wake wa kwanza alipoteza zote kumi. Vijitabu vyetu vingemruka na kwenda moja kwa moja kwa Bryant. Lakini ukiiondoa miaka hiyo mitatu huwezi kueleza kwa nini msimu wa kwanza wa Bryant, wa ushindi 5, kushindwa 4 na sare 1, ulipokewa kwa shangwe, wala kuona umbali aliotembea hadi kufikia 1961 aliposhinda zote 11. Kocha aliyeshindwa aandikwe kwa wino uleule.

Hata miaka mitupu ina mstari wake. Alabama haikuwa na timu mwaka 1898, 1918 na 1943; hiyo miwili ya mwisho ni ya vita vikuu. Eddie Robinson wa Grambling, aliyefundisha chuo kimoja tangu 1941 hadi 1997 na kushinda mechi 408, naye ana misimu miwili isiyo na mechi, 1943 na 1944. Kwetu mwaka wa namna hiyo ni 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Usiuache wazi. Andika "hakukuwa na timu" na sababu yake. La sivyo, atakayekuja baada ya miaka ishirini atadhani karatasi zimepotea na kuhangaika kuzitafuta, au vibaya zaidi, ataijaza nafasi kwa matokeo ya mwaka mwingine.

Sasa nani ahesabiwe kuwa kocha? Hapa ndipo daftari nyingi huharibika. Alabama ilimwajiri Mike Price mwishoni mwa 2002 ikamfukuza Mei 2003 kabla hajasimamia hata mechi moja. Katika hesabu za ushindi na kushindwa hayumo. Mwaka 2006 Mike Shula alifutwa kazi kabla ya mechi ya mwisho wa msimu, Joe Kines akakaimu na kufungwa na Oklahoma State 34-31. Kipigo hicho ni cha Kines, si cha Shula. Kanuni yao ni nyepesi: mechi ni ya aliyekuwa kocha mkuu siku ile ilipochezwa, awe na mkataba wa miaka minane au wa wiki mbili.

Katika shule zetu kazi hiyo imegawanyika kwa watu watatu. Kuna mwalimu wa michezo anayetambuliwa na shule. Kuna patroni anayetia saini fomu za kusajili wachezaji. Na kuna kijana wa mtaani, pengine aliyewahi kuchezea klabu, ambaye ndiye anayepanga kikosi na kupiga kelele ukingoni mwa uwanja. Kijitabu kikiandikwa huwekwa jina la wa kwanza, mitaa humtaja wa tatu, na wa pili ndiye mwenye karatasi. Dawa si kubishana. Weka safu tatu, ujaze zote, kisha uandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari kwamba hesabu za ushindi zitafuata safu ipi. Mimi ningefuata ya aliyepanga kikosi, kwa kuwa ndiye aliyeamua nani acheze. Shule ikiamua vinginevyo ni sawa, mradi isibadili katikati ya safari.

Kisiki kikubwa kuliko vyote ni ushindi uliofutwa. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, liligundua kwamba wachezaji wa Alabama walitumia vibaya mpango wa kupewa vitabu vya masomo bure. Adhabu ilipotolewa mwaka 2009, chuo kilipoteza ushindi 21 wa misimu ya 2005 hadi 2007. Shula, aliyeshinda 26 na kushindwa 23 uwanjani, rasmi akabaki na 10 na 23. Nick Saban, aliyeingia 2007 na kustaafu Januari 2024 baada ya mataji sita hapo Alabama, alishinda mechi 206 uwanjani, lakini hesabu rasmi inasema 201, kwa kuwa tano za msimu wake wa kwanza zilifutwa. Atakayeandika 206 na atakayeandika 201 wote wana haki. Wanaokosea ni wale wasiosema wanatumia hesabu ipi.

Tena kufuta si sawa na kupokonya. Ushindi ukifutwa, mshindi anaupoteza lakini aliyefungwa anabaki amefungwa. Ukipokonywa, matokeo yanageuzwa na mpinzani anapewa ushindi. Msimu wa 1993 Alabama ilimaliza na ushindi 9, kushindwa 3 na sare 1. Kwa kosa la mchezaji mmoja aliyeingia mkataba na wakala, ilipokonywa ushindi 8 na ile sare, na rasmi msimu ukawa wa ushindi 1 na kushindwa 12. Chuo kimoja, adhabu mbili za aina tofauti, na ukizichanganya jumla haitaingia kamwe.

Michezo ya shule zetu ina mambo hayo kila mwaka: mchezaji aliyepita umri, mwanafunzi mamluki aliyehamishwa wiki moja kabla ya mashindano, timu iliyokataa kurudi uwanjani kipindi cha pili. Kwa hiyo kila mechi ipewe nafasi mbili za matokeo, ya uwanjani na ya rasmi. Zikilingana, andika mara moja tu na uweke alama ya tiki katika ya pili. Zisipolingana, andika tarehe ya uamuzi, kamati iliyoamua, na kama ni kufuta au kupokonya. Ushindi wa mezani, mpinzani asipotokea, uwe na alama yake na usiingizwe katika mabao ya mchezaji yeyote. Nimeona orodha ya wafungaji ambamo mabao ya mezani yamegawiwa washambuliaji kana kwamba ni sadaka.

Na usifute kwa ule wino mweupe. Joe Paterno wa Penn State alinyang'anywa ushindi 111 mwaka 2012, akashuka kutoka 409 hadi 298, na Januari 2015 akarudishiwa wote. Aliyekuwa amefuta alilazimika kuandika upya. Aliyekuwa amepiga mstari mmoja juu ya namba aliongeza maelezo tu. Mstari mmoja, namba ya zamani isomeke, mpya juu yake, tarehe na herufi za jina la aliyebadilisha.

Mataji nayo yana ujanja wake. Katika daraja la juu la futiboli ya vyuo NCAA yenyewe haimtawazi bingwa, na kwa miaka mingi bingwa alipatikana kwa kura za waandishi wa shirika la habari la AP, zilizoanza 1936, au za makocha, zilizoanza 1950. Alabama hudai mataji 18. Ndani yake limo la 1941, mwaka ambao ilishinda michezo 9 na kushindwa 2, na AP iliiweka nafasi ya 20. Limo pia la 1973, ambalo makocha walilitoa kabla ya mechi za mwisho wa msimu. Kisha Alabama ikafungwa na Notre Dame 24-23 Desemba 31. Mataji kadhaa ya zamani yaliingizwa kwenye orodha katika miaka ya 1980, wakati ofisi ya habari za michezo ya chuo ilipoyapekua upya. Hakuna uongo hapo kwa maana kamili, kwa sababu kila taji lina aliyelitoa. Msomaji hutambua uzito wake anapoambiwa nani huyo.

Sisi husema "mabingwa wa Pwani" na kuishia hapo. Pwani ipi? Hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 kulikuwa na tarafa, wilaya na mkoa. Sasa kuna kaunti ndogo, kaunti na kanda. Kombe la wilaya la 1985 na kombe la kaunti ndogo la juzi si daraja moja kwa lazima, wala idadi ya shule zilizoshiriki si moja. Andika jina la mashindano kama lilivyokuwa siku hiyo, daraja, aliyeandaa, na timu ngapi zilishiriki.

Majina ya vyuo pia yaachwe kama yalivyokuwa. Technical University of Mombasa iliitwa hivyo mwaka 2013. Kabla yake, tangu 2007, ilikuwa chuo kikuu kishiriki, na kabla ya hapo Mombasa Polytechnic tangu 1972, na Mombasa Technical Institute tangu 1966. Anayepekua magazeti ya 1980 akitafuta jina la leo hatapata hata mstari mmoja, atadhani chuo hakikuwa na timu.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na msimu uliopita na kurudi nyuma, si mwaka wa kuanzishwa shule kuja mbele. Makocha wa karibuni wapo hai na simu zao zinapatikana. Ukianzia nyuma utakwama mwaka wa tatu na kuvunjika moyo. Nunua daftari nene la jalada gumu, lile la kaunta. Ukurasa wa kushoto uwe wa mechi: tarehe, uwanja, mashindano, mpinzani, matokeo ya mapumziko na ya mwisho, wafungaji, refa, na zile safu tatu za kocha. Ukurasa wa kulia uwe wa maelezo na chanzo cha habari. Chanzo nakipa herufi: A kwa fomu rasmi ya mechi au barua ya kamati, B kwa gazeti au ripoti ya shule iliyoandikwa wakati ule, C kwa maandishi yaliyo kwenye kombe au cheti, D kwa kumbukumbu ya mtu. Jambo lenye D peke yake liandikwe kwa penseli mpaka lipate mwenzake.

Kombe nimelishusha hadi C kwa makusudi. Mwaka uliochongwa pengine ni wa kombe kutolewa, si wa kushindaniwa, na fundi wa kuchonga hukosea kama wengine. Gazeti nalo lina mtego wake: mechi ya Jumamosi huweza kutoka Jumatatu, na anayenakili huchukua tarehe ya gazeti akaiita ya mechi. Tazama kalenda ya mwaka huo. Kama tarehe yako ni siku ambayo shule hazichezi, umenakili ya gazeti. Magazeti ya zamani yapo katika Nyaraka za Kitaifa na maktaba ya McMillan jijini Nairobi; nenda na orodha ya miezi unayoitaka, na kwa kandanda ya shule anza na miezi ya muhula wa pili.

Mechi zilizoamuliwa kwa penalti huvuruga asilimia za makocha. Kwa sheria za kandanda, mechi iliyoisha 1-1 na kushindwa kwa penalti 4-3 ni sare. Penalti humtafuta wa kusonga mbele tu. Iandikwe sare, na penalti pembeni. Kisha uamue sare ina thamani gani. Bryant akiwa Alabama alishinda 232, akashindwa 46, sare 9. Ukihesabu sare kuwa nusu ya ushindi anapata asilimia 82.4, ukihesabu ushindi mtupu anapata 80.8. Tofauti ni ndogo kwa sababu kwao sare zilikuwa chache, na tangu 1996 muda wa ziada umeziondoa kabisa. Kwetu si ndogo hata kidogo. Kocha mwenye ushindi 10, kushindwa 4 na sare 6 ana asilimia 65 kwa njia ya kwanza na 50 kwa ya pili. Anayeringa kwa asilimia bila kusema njia mwulizeni.

Faili la kila kocha liwe na nakala ya vyeti, na vyeti viulizwe kwa aliyevitoa. Desemba 2001 Notre Dame ilimwajiri George O'Leary akajiuzulu baada ya siku tano, ilipobainika kwamba wasifu wake ulitaja shahada ya uzamili ambayo hakuwa nayo na misimu ya kucheza chuoni ambayo hakuicheza. Chuo kikubwa hivyo kilikuwa hakijauliza. Leseni za CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, zina ngazi, D hadi A na juu yake Pro, na si kosa la adabu kumwomba mwalimu aonyeshe yake kabla ya jina lake kuingia daftarini na ngazi ambayo labda hajaifikia.

Karatasi zenyewe zina adui hapa mwambao. Hewa ya bahari hutia kutu pini na vibanio, na kutu hula karatasi; toa zote, funga kwa uzi wa pamba. Kabati lisiegemee ukuta unaovuja unyevu wakati wa masika, wala lisikae sakafuni kwa ajili ya mchwa. Usibandike kwa selotepu, hugeuka njano na kung'oka na maandishi. Karatasi za mashine zinazochapa kwa joto, kama risiti, hufifia zikawa nyeupe. Zitoe fotokopi siku hiyohiyo, na usizitie plastiki ya moto kwa sababu joto huzigeuza nyeusi. Andika kwa kalamu ya kawaida ya bairo. Wino wa kuchovya hutawanyika ukiguswa na maji.

Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli laini, kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, na kocha hata kama amesimama pembeni. Kwa picha za simu, kuzipitisha kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida kunazipunguza ubora na kuziondolea tarehe zilizofichwa ndani ya faili. Zitume kama dokumenti. Skani iwe ya nukta 300 kwa inchi au zaidi. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili kwenye diski nje ya shule, ya tatu mtandaoni kwa akaunti ya shule, si ya mwalimu.

Hilo la akaunti ya mwalimu ndilo linalotupotezea mengi. Mwalimu akipata uhamisho huenda na simu yake, kompyuta yake na miaka sita ya kandanda. Shule humdai jezi na mipira kwa fomu ya makabidhiano na haimdai daftari. Liongezwe kwenye fomu hiyohiyo, chini ya jezi: idadi ya kurasa zilizojazwa, tarehe ya mechi ya mwisho iliyoandikwa, saini ya anayetoka, ya anayeingia na ya mwalimu mkuu. Timu ya wasichana iwe na daftari lake na fomu yake, si kurasa za mwisho za daftari la wavulana.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa